Picha thelathini kwa sekunde: niliyojifunza nikitengeneza kamera ya mstari wa kumalizia

Kama mteja amekuomba uongeze picha za mfululizo kwenye programu ya simu, yaani mtu abonyeze kitufe na simu ipige picha nyingi moja baada ya nyingine bila kusita, soma haya kabla hujampa bei. Nilipokuwa naitafuta njia, karibu kila maelezo niliyoyapata yalikuwa vipande vipande, na yaliandikwa na watu wenye simu ambazo wateja wangu hawana. Nimeona niyaweke pamoja kwa Kiswahili, pamoja na gharama zake.

Programu yenyewe inasimamia mashindano ya riadha ya shule. Ina orodha ya wanafunzi, namba za kifuani, muda na matokeo. Walimu wa michezo huitumia ngazi ya shule, kata na wilaya, wanapochuja timu za UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari). Ngazi hizo hazina mitambo ya picha kwenye mstari wa kumalizia. Kuna waamuzi waliosimama pembeni, saa za mkononi, na ubishi usiokwisha. Mtoto akitangazwa wa nne wakati alikuwa wa tatu, nafasi ya kwenda mkoani imempita, na mwakani pengine umri hautamruhusu tena. Ndiyo maana kazi hii niliichukua kwa moyo.

Mwalimu mmoja aliniambia anachotaka kwa maneno ambayo niliyarudia mara nyingi baadaye: "Dada, mimi sitaki video. Video nikiisimamisha, mtoto anakuwa ukungu mtupu. Nataka picha, zije nyingi, halafu nichague mwenyewe."

Programu ilikuwa imeandikwa kwa Flutter, mfumo wa kutengeneza programu za simu, kwa hiyo nilianza na njia iliyokuwa karibu: kuita takePicture, mwito wa kupiga picha moja, ndani ya kitanzi kinachourudia. Mwito wa pili ulirudi na kosa, kwamba picha iliyotangulia bado haijarudi. Ukisubiri kila picha ikamilike ndipo uombe nyingine, kosa linaondoka, lakini kwenye simu za bei ya chini tulizokuwa nazo ilipita karibu sekunde nzima kati ya picha na picha. Mwanafunzi anayekimbia mita 100 kwa sekunde 13 anakwenda karibu mita 8 kila sekunde. Katika picha ya kwanza wote walikuwa bado njiani, na katika ya pili wote walikuwa wameshapita mstari.

Mwito ule umetengenezwa kwa ajili ya picha moja nzuri, na simu inapoupokea inafanya kazi nyingi ambazo hatuzioni. Inatafuta fokasi, inapima mwanga, inachukua fremu (picha moja ghafi kutoka kwenye kihisi), inaisafisha, inaibana kuwa JPEG, inaandika faili kwenye hifadhi, kisha ndiyo inakuarifu kwamba imemaliza. Kuchukua fremu ni sehemu ndogo sana ya safari hiyo. Kwa hiyo hakuna faida ya kukifanya kitanzi kiwe chepesi zaidi. Kinachotakiwa ni kuitenga hatua ya kuchukua fremu na zile zinazofuata, ili kamera isimsubiri mtu yeyote. Kila nilichokifanya baadaye kilitokana na hilo.

Nikashuka kwenye Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, na Camera2. Kwa asiyezijua tabaka hizi: njia ya zamani ya kuitumia kamera kwenye Android ilistaafishwa na Android 5.0 mwaka 2014, na Camera2 ikachukua nafasi yake. CameraX ilitangazwa mwaka 2019, toleo lake thabiti likatoka mwaka 2021, nayo imejengwa juu ya Camera2 ili kukuondolea usumbufu wa tofauti za simu. Kwa picha za kawaida, tumia CameraX wala usijitese. Kwa mfululizo wa kasi, hata ukibaki na CameraX, lazima uelewe kinachotokea chini yake.

Camera2 ina mwito unaoitwa captureBurst. Unaipa orodha ya maombi, inayatekeleza yote kwa mfuatano bila ombi jingine kuingia katikati. Niliposoma hivyo nilifurahi, nikadhani kazi imekwisha. Niliomba picha kumi za JPEG kwa ukubwa wa juu kabisa wa kamera. Zilikuja kumi kweli, ila polepole, na onyesho la kamera kwenye kioo likawa linaganda kila picha inapopita.

Jibu lilikuwepo kwenye taarifa ambazo simu yenyewe inazitoa, na hapa nawaomba wenzangu wasikimbilie kuandika msimbo kabla ya kuzisoma. Kila kamera ya Android inajieleza kupitia CameraCharacteristics. Inakutajia kiwango cha uwezo wake: LEGACY, LIMITED, FULL au LEVEL_3. Kiwango cha LEGACY maana yake Camera2 inaigizwa juu ya mfumo wa zamani, kwa hiyo usitegemee kasi. Inakutajia pia kama ina uwezo unaoitwa BURST_CAPTURE, ambao ni ahadi kwamba picha kubwa za YUV, yaani zisizobanwa bado, zinaweza kuchukuliwa kwa fremu 20 kwa sekunde au zaidi. Kisha kuna getOutputStallDuration, inayokuambia kila aina ya picha inaisimamisha kamera kwa muda gani. Kwa YUV_420_888 jibu ni sifuri. Kwa JPEG mara nyingi si sifuri, na kwenye simu dhaifu linaweza kuwa kubwa kiasi cha kukukatisha tamaa. Niliandika kijiprogramu kidogo kinachosoma taarifa hizi na kunitumia, nikawaomba walimu wakifungue kwenye simu zao wenyewe. Nyingi zilirudi na LIMITED, chache LEGACY, na BURST_CAPTURE ilikuwa adimu. Hiyo ndiyo hali halisi ya uwanjani kwetu, na programu ikitegemea kiwango cha FULL itamfaa mwandishi wake na marafiki zake tu.

Basi nikaiacha JPEG wakati wa kupiga, nikachukua YUV ghafi, kubana kukaja baadaye. Hapo nikakutana na hesabu ya kumbukumbu, na nawashauri muifanye kwenye karatasi mapema. YUV_420_888 inatumia baiti moja na nusu kwa kila pikseli. Picha ya megapikseli 12 ni megabaiti 18. Ishirini za namna hiyo ni megabaiti 360. Simu yenye RAM ya gigabaiti 2, ambayo ina WhatsApp na vingine vinavyoendelea nyuma, haiwezi kukupa nafasi hiyo. Mfumo unaifunga programu yako papo hapo, mara nyingine bila ujumbe wowote wa kosa, na mwalimu anabaki anatazama ukurasa wa mwanzo wa simu wakati wanariadha wanapita.

Nikajiuliza mwalimu anahitaji kuona nini hasa. Anahitaji kusoma namba ya kifuani na kuona kiwiliwili cha nani kimefika mstarini. Kanuni za riadha zinahesabu kiwiliwili. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi. Kwa kazi hiyo, ukisimama usawa wa mstari na kuijaza fremu vizuri, picha ya pikseli 1920 kwa 1080 inatosha, na kila moja ni megabaiti 3.1 tu. Kwa simu dhaifu nilishuka hadi 1280 kwa 720, ambayo haifiki megabaiti 1.4. Tena kuna faida nyingine: mchanganyiko wa onyesho la kioo pamoja na mkondo wa YUV, usiozidi ukubwa wa kioo au 1080p, umehakikishwa hata kwenye simu za LEGACY. Kwa mara ya kwanza nikawa na kitu kinachofanya kazi kwenye simu zote za walimu, kwa fremu zinazokaribia 30 kwa sekunde pale mwanga ulipotosha.

Kwa wanaolinganisha kazi yao na kamera ya kwenye iPhone, ambayo tangu iPhone 5s ya mwaka 2013 inapiga mfululizo wa picha 10 kwa sekunde: ile imejengwa na wale wale waliobuni simu yenyewe na mfumo wake mzima. Usimuahidi mteja wako kwamba utaifikia kwa ukubwa ule ule wa picha kwenye simu yoyote atakayokuja nayo.

Sasa nije kwenye jambo lililonichosha kuliko yote, nalo halikuwa la kasi. Tulipoipeleka programu uwanjani, picha zilikuja safi, na bado mshindi hakuwemo. Mwalimu anatazama mbio, anaona mtoto anafika, ubongo unaamuru kidole, kidole kinashuka, programu inaanza kupiga. Robo ya sekunde imepotea hapo, na kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde hizo ni mita mbili. Nikamwambia mwalimu abonyeze mapema. Akajaribu, na mfululizo ukaisha kabla watoto hawajafika. Nikaurefusha mfululizo, kumbukumbu ikajaa. Nilikaa na tatizo hili muda mrefu, nikaanza hata kuwalaumu watumiaji moyoni, jambo ambalo halisaidii kitu.

Ufumbuzi ulikuwa kuacha kusubiri kitufe. Kamera inachukua fremu tangu ukurasa unapofunguliwa, na zinawekwa kwenye bafa ya mzunguko yenye nafasi maalum, tuseme 45. Ni kama daladala iliyojaa ambayo kila abiria mpya akipanda, aliyekaa muda mrefu kuliko wote anashuka. Mwalimu akibonyeza, programu haianzi kupiga; inaruhusu fremu chache zaidi ziingie, kisha inaufunga mlango na kubaki na zilizomo. Kwa fremu 30 kwa sekunde unakuwa na sekunde moja na nusu, na sehemu kubwa yake ni ya kabla ya kidole kugusa kioo. CameraX inatumia wazo hili hili kwa kiwango kidogo katika hali yake ya kupiga bila kuchelewa, ambapo inatunza fremu tatu za mwisho na kukupa ile iliyo karibu zaidi na wakati uliobonyeza. Kwa mbio, tatu hazitoshi, ndiyo maana niliijenga mwenyewe.

Ukiamua kuijenga, yako mambo ambayo yatakusumbua kama hukuyapanga tangu mwanzo.

La kwanza ni ImageReader, kifaa cha msimbo kinachopokea fremu kutoka kwenye kamera. Unapoitengeneza unaiambia itunze fremu ngapi kwa wakati mmoja, na kila Image unayoichukua lazima uifunge kwa close. Usipoifunga, idadi inatimia na programu inaanguka, au kamera inanyamaza kimya bila kukupa fremu nyingine. Kwa hiyo usizitunze Image zenyewe kwenye mzunguko wako. Nakili baiti zake kwenye bafa yako, funga Image hapo hapo, ndani ya finally, hata kama kunakili kumeshindwa. Nilipokuwa natunza Image zenyewe, kosa lilikuwa linajitokeza baada ya mbio kadhaa, likiondoka nikiwasha upya, na kosa la aina hiyo linakunyima usingizi kwa sababu nyumbani halionekani.

La pili, zigawe bafa zote mara moja mwanzoni na uzitumie tena na tena. Ukitengeneza safu mpya ya baiti kwa kila fremu ya 1080p, unaomba zaidi ya megabaiti 90 kila sekunde, na kazi ya kusafisha kumbukumbu inaanza kukukatiza katikati ya mbio. Muulize ActivityManager ni kiasi gani programu yako imeruhusiwa kutumia, kupitia getMemoryClass, kisha idadi ya fremu kwenye mzunguko itokane na jibu hilo. Simu yenye nafasi ipate 1080p. Isiyo na nafasi ipate 720p na fremu pungufu. Mtumiaji hana haja ya kujua.

La tatu ni dogo lakini lilinipotezea muda wa ajabu. Upana wa mstari wa baiti kwenye kumbukumbu, rowStride, unaweza kuwa mkubwa kuliko upana wa picha. Kwenye simu yangu ulikuwa sawa. Kwenye simu ya mwalimu mmoja haukuwa sawa, na picha zake zote zikatoka zimelala mshazari zikiwa na rangi ya kijani. Nakili mstari kwa mstari ukizingatia rowStride na pixelStride (umbali wa baiti kati ya pikseli na pikseli), usinakili kipande chote kwa mkupuo.

Na kazi zote hizi ziende kwenye thredi yake, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine. Kamera iwe na thredi yake, kubana JPEG kuwe na nyingine, na thredi ya kioo isiguswe.

Baada ya hapo picha zikawa zinafika kwa wakati. Zikabaki na ukungu. Mfululizo wa kasi haumaanishi kwamba kila fremu ni kali; hayo ni mambo mawili na mimi nilikuwa nayachanganya. Kihisi kikipokea mwanga kwa muda wa sehemu moja ya 50 ya sekunde, mtoto wa mwendo wa mita 8 anasogea sentimita 16 ndani ya picha moja. Namba ya kifuani haisomeki. Ukishusha hadi sehemu moja ya 1000, anasogea milimita 8 tu, na unasoma kila kitu. Saa sita mchana kwenye jua letu mwanga unatosha kabisa kwa hilo. Simu yenye uwezo wa MANUAL_SENSOR inakuruhusu kupanga muda huo mwenyewe kwa SENSOR_EXPOSURE_TIME. Isiyo nao, ambazo ni nyingi, nilizishughulikia kwa njia mbili: nilichagua kiwango cha fremu kisichobadilika cha 30 hadi 30 pale kinapopatikana, ili simu isijiongezee muda wa mwanga kupita sehemu moja ya 30, na nikaishusha fidia ya mwanga ili picha ziwe nyeusi kidogo lakini kali zaidi. Picha nyeusi inaweza kung'arishwa baadaye. Yenye ukungu haitengenezeki.

Kabla ya mbio kuanza, mwalimu anagusa kioo pale kwenye mstari, na programu inafunga fokasi, mwanga na rangi hapo hapo. Usipozifunga, mtoto mwenye fulana nyeupe akiingia kwenye fremu simu inaanza kurekebisha mwanga katikati ya mfululizo, na fokasi inahangaika kuwafuata watu. Mbio za jioni bado ni tatizo. Jua likizama, hakuna hila ya programu itakayoleta mwanga usiokuwepo, na tumewashauri walimu wapange mbio fupi asubuhi.

Kuna jambo la ukweli ambalo nililiona ni wajibu kuliandika ndani ya programu yenyewe, kwenye kioo, kwa herufi zinazosomeka. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kati ya fremu moja na nyingine mkimbiaji anasogea takribani sentimita 27. Watoto wawili wakipishana kwa umbali mdogo kuliko huo, inawezekana fremu moja ikawaonyesha wote kabla ya mstari na inayofuata ikawaonyesha wote wamepita. Mitambo ya mashindano makubwa haifanyi kazi namna hii kabisa: inautazama mstari peke yake kupitia mwanya mwembamba na kurekodi vipande elfu moja au zaidi kwa kila sekunde. Simu ya mwalimu haiwi mtambo huo. Mwalimu aliyeniomba kazi hii alipolisoma onyo lile alinipigia. Nilidhani atasema naishusha thamani ya programu. Akasema, "Liache hapo hapo. Wazazi wakija juu nitawaonyesha na lenyewe." Tangu siku hiyo nimeacha kuogopa kuwaambia wateja mipaka ya kitu ninachowauzia.

Kwa sababu hiyo hiyo, muda wa kila fremu uchukuliwe kwenye kamera yenyewe. SENSOR_TIMESTAMP inatoa nanosekunde za wakati kihisi kilipoanza kupokea mwanga wa fremu hiyo. Ukitumia saa ya simu wakati fremu inapofika kwenye msimbo wako, unapima foleni ya programu, na foleni hiyo inabadilika kila wakati. Kama unataka kulinganisha muda huo na matukio mengine ya simu, mfano mlio wa kuanzisha mbio, angalia kwanza SENSOR_INFO_TIMESTAMP_SOURCE. Ikisema REALTIME, inalingana na saa ya mfumo inayohesabu tangu simu ilipowashwa. Ikisema UNKNOWN, tumia tofauti za fremu kwa fremu tu.

Kuhusu kuhifadhi nitasema kwa ufupi. Usiandike fremu zote 45 kwenye hifadhi kwa kila mbio. Zionyeshe kama ukanda, mwalimu asogeze kidole, achague mbili au tatu, hizo ndizo zibanwe kuwa JPEG na kuhifadhiwa, nyingine zifutwe. Hifadhi za simu hizi huwa zimejaa tayari, na mwalimu anatuma picha kwa bando lake mwenyewe. Lakini sababu kubwa kwangu ni kwamba waliomo kwenye picha ni watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto yenye namba inayoelekeza kwenye jina lake ni taarifa binafsi. Tulikubaliana na shule kwamba ridhaa ya mzazi inaingia kwenye fomu ya ushiriki, picha hazipandi kwenye seva bila mwalimu kuamua, na baada ya matokeo kuthibitishwa zinafutwa. Kupanga hivyo mapema ni rahisi kuliko kuja kuvichomoa vitu baadaye.

Joto. Sikuwa nimeliwaza kabisa nikiwa ofisini chini ya feni. Uwanjani simu iko juani, kamera imewashwa saa nzima, kioo kimewekwa mwanga wa juu kabisa. Simu inapunguza kasi yake ili isiungue, fremu zinashuka, na mwishowe kamera inaweza kufungwa na mfumo. Tangu Android 10 unaweza kusikiliza hali ya joto kupitia PowerManager na kushusha fremu kabla simu haijakushushia yenyewe. Lililosaidia zaidi ni kuizima kamera kati ya mbio na mbio, na kuiwasha mwalimu anapobonyeza "Wako tayari". Chaji nayo ikaanza kufika jioni.

Upande wa iPhone tulio nao ni mdogo, watumiaji ni wachache, ila mafunzo ni yale yale. AVCapturePhotoOutput ni ya picha bora, na tangu iOS 17 ina hali ya kupiga kwa haraka zaidi kwenye vifaa vinavyoikubali. Kwa bafa ya mzunguko nilitumia AVCaptureVideoDataOutput, na pale pia ukizing'ang'ania fremu bila kuziachia, kamera inaacha kukuletea nyingine. Nakili, achia, endelea.

Gharama. Kiigizaji cha Android kwenye kompyuta kinakuonyesha chumba cha kubuni, na hakitakuambia lolote kuhusu kasi, joto wala rowStride. Nilikwenda Kariakoo nikanunua simu zilizotumika, za aina zile zile walizonazo walimu, kwa hela yangu, kwa sababu malipo yalikuwa yameshapangwa na hayakuwa na kifungu cha vifaa. Zilinigharimu sehemu kubwa ya faida. Nauli za kwenda viwanjani nazo zilitoka kwangu, na hazikwepeki: mtu akitembea mbele ya kamera ofisini hafanani na watoto wanane wanaokuja kwa kasi wakiwa wamebanana.

Sasa nikipokea kazi ya namna hii naigawa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni uchunguzi, inalipwa peke yake: nakusanya taarifa za kamera kutoka simu halisi za watumiaji, napima fremu kwa sekunde, na kumwonyesha mteja picha zilizopigwa mahali zitakapotumika. Sehemu ya pili ndiyo ujenzi, na bei yake inatajwa baada ya majibu ya kwanza kupatikana. Kwenye makubaliano naandika aina za simu zitakazohudumiwa, ukubwa wa picha, idadi ya chini ya fremu kwa sekunde mchana wa jua, na nani ananunua simu za majaribio. Mteja mmoja alikataa mpangilio huo akaenda kwingine. Wawili waliofuata waliukubali, na mmoja wao, baada ya kuona picha za uchunguzi, aligundua kwamba picha tatu kwa sekunde zinamtosha kabisa, kazi ambayo CameraX iliimaliza bila mimi kugusa hata bafa moja.